Lengo la Januari, bahari ya Juni

Kila Januari simu za watu wa Lamu hujaa orodha. Mmoja mwaka huu lazima anunue boti, mwingine atamaliza ghorofa ya juu, wa tatu atapunguza kilo kumi, wa nne ataweka akiba ya shilingi 10,000 kila mwezi bila kukosa hata mmoja. Orodha zinapandishwa kwenye stetasi, jamaa wanaitikia "inshallah", kazi zinaendelea. Ikifika Juni, ukimuuliza mwenye orodha amefikia wapi, atakuuliza wewe habari za nyumbani.

Jibu la haraka ni kwamba watu hawana nidhamu. Wapo wasio nayo, lakini mimi naona kosa kubwa liko kwenye orodha yenyewe. Januari Lamu ni kaskazi, msimu wa upepo wa kaskazini-mashariki. Bahari imetulia, wageni wamejaa Shela, kijiji cha ufukweni, mashua zina kazi na mfuko una kitu. Anayepanga mwaka wake mwezi huo anapanga akiwa ndani ya neema, kisha anachukua kipimo cha neema ile na kukigawa sawasawa kwa miezi kumi na miwili. Aprili masika yanaingia na upepo unageuka kuwa kusi, wa kutoka kusini. Mei na Juni baadhi ya hoteli hufunga kabisa. Kusi ikikaza, kati ya Juni na Agosti, vyombo vidogo havithubutu kwenda bahari kuu. Vinabaki kwenye maji yaliyokingwa, nyuma ya visiwa. Hapo bado hujatia mwezi mwandamo. Ramadhani huja mapema kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka, na mwendo mzima wa kazi hubadilika. Maulidi ya mfungo sita, ya kuadhimisha kuzaliwa kwa Mtume, huleta wageni wa aina nyingine, wenye mahitaji mengine. Tena kila mwezi kuna bamvua, maji yanapojaa na kutoka sana, na maji mafu, yanaposogea kidogo, ambayo mvuvi huyajua kuliko tarehe ya benki.

Wazee wa bahari walihesabu mwaka wa jua kuanzia Nairuzi, wakaugawa katika miongo, kila mwongo siku kumi, na kila mwongo ukawa na habari zake: huu wa mvua, huu wa kupanda, huu wa kusafiri, huu wa kuvuta chombo pwani. Hakuna aliyetarajia miongo yote izae sawa. Orodha ya Januari haijui lolote kati ya haya.

Miaka ya karibuni kumekuwa na mazungumzo mengi, kwenye semina za kazi na kwenye maandishi ya wanasaikolojia, juu ya malengo yanayonyumbulika, yaani malengo yanayoanzia kwenye yale mtu anayoyathamini na kuruhusu njia, kiasi na tarehe kubadilika. Wengine wanaliona ni jambo la busara. Wengine wanasema ni uvivu uliopakwa hina. Kabla ya kuchagua upande, tutazame namba hizi ngumu zilitoka wapi, kwa sababu hazikutoka kwa wajinga.

Namba zilikotoka

Mwaka 1954 Peter Drucker, mwandishi wa mambo ya uongozi wa kazi, alieneza wazo kwamba meneja aongozwe na malengo yaliyokubaliwa badala ya kusimamiwa kila hatua. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Edwin Locke akachapisha hoja iliyokuja kupimwa mara nyingi mno: mtu akipewa lengo mahususi na gumu kiasi, hufanya vizuri zaidi kuliko anayeambiwa "jitahidi uwezavyo".

Jaribio moja lililosifika ni la madereva wa malori ya magogo huko Oklahoma, Marekani, lililochapishwa na Gary Latham na mwenzake mwaka 1975. Malori yale yalikuwa yakipakiwa karibu asilimia 60 tu ya uzito unaoruhusiwa na sheria, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuingia matatani kwa kuzidisha. Madereva wakapewa lengo la asilimia 94. Hawakuongezwa mshahara wala kutishwa. Baada ya muda upakiaji ukapanda hadi karibu asilimia 90 na kubaki huko.

Halafu mwaka 1981 George Doran akaandika makala fupi kwa mameneja akipendekeza lengo liwe mahususi, lipimike, liwe na mtu aliyekabidhiwa, liwezekane na liwe na muda. Kanuni hiyo ya herufi tano, SMART kwa Kiingereza, ndiyo inayofundishwa hadi leo katika kila warsha ya siku mbili yenye chai na sambusa. Kinachosahaulika ni kwamba Doran mwenyewe alitahadharisha kuwa si kila lengo litatimiza sifa zote tano. Warsha zilichukua herufi zikaacha tahadhari.

Kwa hiyo namba inafanya kazi, na ina sababu zake. Inaelekeza macho mahali pamoja, inaamsha juhudi, inamfanya mtu asiache mapema na inamsukuma atafute mbinu. Lakini angalia hali ya yule dereva wa Oklahoma. Kazi yake ilikuwa moja, kipimo kimoja, uwezo wa kuifanya alikuwa nao tayari, na matokeo aliyaona kila mara lori lilipopimwa. Hakuna kilichokuwa kikigeuka chini ya miguu yake. Locke na Latham wenyewe wamesema kwamba pale kazi ni ngeni na ngumu, lengo la kujifunza hufaa kuliko lengo la kiasi. Anayeanza biashara ya wageni mwaka wake wa kwanza afadhali ajiwekee lengo la kujua njia tatu za kupata wateja kuliko kujiwekea idadi ya wateja.

Namba ikishika usukani

Mwaka 1975 mwanauchumi wa Uingereza Charles Goodhart alitoa angalizo ambalo kwa maneno ya mtaani lingekuwa hivi: kipimo ukikigeuza kuwa ndicho kinachotafutwa, kinaacha kupima. Benki ya Wells Fargo ya Marekani ililipa gharama ya somo hilo. Wafanyakazi walisukumwa wauze bidhaa nane kwa kila mteja. Mwaka 2016 ikabainika kuwa akaunti zinazokadiriwa kufika milioni 2 huenda zilifunguliwa bila idhini ya wenyewe. Benki ikatozwa faini ya dola milioni 185, wafanyakazi wapatao 5,300 wakawa wamefukuzwa. Ile nane ilikusudiwa kuonyesha kwamba mteja anaiamini benki, na ndiyo iliyoiua imani hiyo.

Huku kwetu mambo ni madogo zaidi lakini mkondo ni uleule. Kofia nzuri ya mkono hushonwa kwa wiki nyingi, vitobo vyake vidogo vimepangwa kwa uvumilivu ambao mashine haina. Mshonaji akijifunga na idadi ya kofia kwa mwaka, jambo la kwanza kuliwa ni vitobo: vinakuwa vikubwa, vinapungua, nafasi zinatanuka. Idadi imetimia, na mteja wa mwakani ameshapotea.

Upande wa Malindi, mfikirie dereva wa tuktuk anayepeleka hesabu kwa tajiri kila jioni. Ana namba yake kichwani: hesabu, mafuta, na ya nyumbani. Siku ya sikukuu, mji umejaa, namba inatimia saa nane mchana naye anakwenda kulala. Siku ya mvua hakuna abiria, naye anazunguka hadi usiku akichoma petroli kutafuta namba ileile. Mwaka 1997 Colin Camerer na wenzake walichapisha utafiti juu ya madereva wa teksi wa New York wakidai waliona tabia hiyohiyo: siku nzuri wanaacha mapema, siku mbaya wanakesha, kinyume cha ambavyo hesabu ya faida ingewashauri. Mwanauchumi Henry Farber alipinga, akachambua takwimu nyingine na kuona madereva wana akili ya soko kuliko walivyodhaniwa. Mjadala ule haukuwa mdogo.

Kinachonivutia zaidi ni utafiti uliofanywa hapa Kenya, upande wa Busia, na Pascaline Dupas, Jonathan Robinson na mwenzao, juu ya waendesha baiskeli za abiria. Waliona kwamba mwendeshaji hufanya kazi zaidi siku ambayo ana haja mahususi ya pesa, kwa mfano siku ya zamu ya mchango wa chama au mtu akiugua nyumbani. Namba yake haikuwa ya kubuni. Ilikuwa imeshikamana na jambo. Hapo ndipo ninapopataka: namba yenye jambo nyuma yake humwamsha mtu, namba isiyo na jambo humchosha, na kwa macho tu huwezi kuzitofautisha.

Kilicho nyuma ya lengo

Hilo jambo la nyuma tuliite tunu: kitu ambacho mtu anakithamini kiasi cha kutaka maisha yake yaonekane hivyo. Steven Hayes, mwanasaikolojia wa Marekani, na wenzake, katika tiba waliyoijenga tangu miaka ya 1980 ya kumsaidia mgonjwa kukubali machungu yake huku akiendelea kutenda anayoyajali, hutenganisha hivi viwili bila huruma. Lengo linaisha. Umenunua boti, umefuta mstari. Tunu haiishi. Hakuna siku utakayosema "nimemaliza kuwa mtoto mwema kwa mama yangu" ukafuta mstari.

Tofauti hii inaonekana ya kitabuni mpaka uione mahakamani. Ujenzi wa bandari ya Lamu, sehemu ya LAPSSET, mradi wa njia za usafirishaji za kuiunganisha Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia uliozinduliwa mwaka 2012, uliwafungia wavuvi baadhi ya maeneo yao ya kuvua. Kesi ikafika Mahakama Kuu ya Malindi. Mwaka 2018 majaji wakaamua wavuvi zaidi ya 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Lakini hukumu haikuishia kwenye shilingi. Ilisema pia kwamba haki ya watu wa Lamu ya utamaduni wao ilivunjwa, na haki yao ya kupewa habari, na ya mazingira safi. Kilo za samaki zilizopotea zinaweza kukadiriwa na kulipwa. Kuwa mvuvi, mwana wa mvuvi, unayejua jina la kila mwamba, hakukuingia kwenye kikokotoo kilekile. Majaji waliona ni mambo mawili, wakayataja mawili.

Sasa, tunu utazijuaje? Ushauri wa kawaida ni kupewa orodha ya maneno mazuri (uaminifu, familia, ubunifu, uhuru) uchague matano. Zoezi hili silipendi. Kila mtu huchagua maneno ambayo angependa asomewe kwenye hitima yake. Afadhali kutazama ushahidi. Fungua ujumbe wa M-Pesa wa miezi mitatu uone pesa ilikwenda kwa nani ulipokuwa huna. Kumbuka ni jambo gani lilikuuma mwaka jana kiasi cha kukukosesha usingizi, maana mtu haumwi na asichokijali. Halafu kuna swali linalokata kuliko yote: lengo hili, ikiwa hakuna mtu hata mmoja atakayejua kuwa nimelitimiza, bado nalitaka? Ghorofa nyingi za juu zingeishia hapo.

Kennon Sheldon na Andrew Elliot walionyesha mwaka 1999 kwamba malengo yanayotoka kwenye yale mtu anayoyajali mwenyewe hupata juhudi ya kudumu zaidi, na yakitimia humpa mtu furaha zaidi, kuliko yale anayoyafuata kwa aibu au kwa kusukumwa. Hapa msomaji wa Mkomani au Langoni, mitaa ya mji wa Lamu, ana haki ya kuuliza: na sisi tunaoishi kwa mama, ndugu, jirani na mtaa, "mwenyewe" ni nani? Maandishi mengi ya Ulaya na Marekani humchora mtu peke yake mezani na daftari lake. Kumbe hata Edward Deci na Richard Ryan, walioifanya dhana ya kujiamulia kuwa maarufu, hawakumaanisha upweke. Kwa maelezo yao mtu anaweza kufuata la wazazi wake akawa amejiamulia kikamilifu, mradi amelikubali moyoni. Na anaweza kuwaasi wazazi akawa bado mtumwa wa macho ya wenzake.

Jambo jingine ambalo semina huliruka: tunu hugombana. Shalom Schwartz, aliyechapisha mwaka 1992 uchunguzi wa nchi 20, alipanga aina kumi za tunu katika duara, zile zinazovutana zikitazamana. Kutafuta mafanikio na cheo kuko upande mmoja, kuwajali wengine upande wa pili. Kufuata mapya kunatazamana na kushika mila. Kwa hiyo anayesema tunu zake zote zinaelewana hajazitazama vizuri.

Boti ya nani, ya nini?

Tuseme kuna kijana anayefanya kazi kwenye boti ya mtu, kuchukua wageni kutoka Shela. Anamwendea ami yake.

"Ami, mwaka huu nataka boti yangu."

"Ya nini, mwanangu?"

"Ya kazi, ami."

"Kazi unayo. Boti ya nini?"

Akikaa na swali hilo vizuri, yatatoka haya: amechoka kupigiwa simu na tajiri saa nne usiku. Anataka maghribi imkute nyumbani. Nyumba ya mama inavuja kila masika. Na ana wadogo zake wawili ambao angependa waione kazi ya bahari kuwa kazi ya maana, wasikimbilie Mombasa wote.

Tazama kilichotokea. Boti ilikuwa jibu la mambo manne, na kwa moja kati ya hayo ni jibu baya. Safari zinazopendwa na wageni ni za machweo. Kijana akichukua boti kwa mkopo, hatakuwa na uwezo wa kukataa safari ya machweo hata moja mpaka mkopo uishe. Maghribi zote zitamkuta baharini. Lengo lake lilikuwa linakwenda kuila tunu yake, na asingejua mpaka alipe awamu ya tatu.

Akianzia kwenye tunu, njia zinaongezeka. Anaweza kushirikiana na kaka yake nusu kwa nusu, wakapokezana jioni. Anaweza kwanza kupata cheti cha unahodha, kinachomwezesha kudai malipo bora hapo alipo. Anaweza kushika safari za asubuhi, za kwenda Manda Toto kuogelea na kutazama samaki, akawaachia wengine machweo. Na paa la mama haliingojei boti hata kidogo: litengenezwe Machi, pesa ya kaskazi ikiwa bado mkononi na mvua haijafika. Boti haijafutwa. Imeshushwa kutoka kuwa sharti ikawa njia mojawapo.

Sasa akiba. Shilingi 120,000 kwa mwaka zinaweza kuandikwa 10,000 kila mwezi, na kushindwa mwezi wa Mei. Au ziandikwe kufuata bahari: Desemba hadi Machi 18,000 kila mwezi, Julai hadi Oktoba 9,000, na miezi minne iliyobaki, Aprili, Mei, Juni na Novemba, 3,000. Jumla ni ileile, jumlisha mwenyewe. Kilichobadilika ni kwamba Mei ya shilingi 3,000 sasa ni mwezi uliofanikiwa, na anayefanikiwa Mei huingia Julai akiwa bado yumo kwenye safari. Nashikilia sana kwamba kiwango cha mwezi mbaya kisiwe sufuri. Mia tano inatosha. Mwezi wa sufuri huzaa ndugu zake.

Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia wa Ujerumani, ameonyesha kwamba nia peke yake haitoshi. Inasaidiwa sana na mpango wa namna ya "ikiwa hivi, basi vile". Mwaka 2006 yeye na Paschal Sheeran walijumlisha majaribio 94 na kuona mipango hiyo inasaidia kwa kiasi cha kati hadi kikubwa. Kwa kijana wetu: ikiwa kusi imechafuka siku tatu mfululizo, basi siku ya nne asubuhi niko Matondoni, kijiji cha mafundi wa mashua, nikisaidia kukalafati (kuziba nyufa za mbao), kwa malipo au kwa kujifunza. Ikiwa tajiri amepiga simu baada ya isha, basi nitajibu alfajiri. Ami anaweza kulisoma hili la pili akacheka, lakini ndilo linaloipeleka tunu ya nyumbani hadi kwenye saa ya ukutani.

Kunyumbulika au kulegea?

Hapa ndipo fundo lenyewe lilipo, na wanaosema ni uvivu uliopakwa hina wana hoja. Kama lengo linaweza kubadilishwa, nini kinanizuia kulibadilisha kila linaponiuma?

Ninavyoelewa, kinachobadilika na kisichobadilika ni lazima viandikwe mapema. Boti ya abiria ya kwenda Faza, kisiwani Pate, haina saa maalumu ya kuondoka mwaka mzima, kwa sababu Mkanda, mlango mwembamba wa bahari kati ya Manda na bara, haupitiki vizuri mpaka maji yajae. Leo itatoka asubuhi mapema, wiki ijayo karibu na adhuhuri. Hakuna anayesema nahodha hana ratiba. Abiria anajua kitakachoamua saa, na anajua kwamba nahodha hawezi kuamka akasema leo twende Kipini. Saa inabadilika kwa sababu inayojulikana kabla, na sababu hiyo haitoki kwenye uchovu wa nahodha.

Kwa hiyo ukiandika lengo, andika pembeni yake ni nini kitakufanya ulibadilishe: wageni wakipungua chini ya kiasi fulani, mtu wa nyumbani akiugua, bei ya mashine ikipanda kupita kiasi fulani. Lolote lisiloandikwa halihesabiki mpaka wakati wa kupitia. Na wakati wa kupitia usiwe usiku uliovunjika moyo. Mimi naona mipaka ya misimu inatosha: masika yanapokaribia, kusi inapolegea, na siku chache kabla ya Ramadhani. Ukianza kubadilisha, anza na tarehe, kisha kiasi, kisha njia. Tunu iguswe mwisho kabisa, tena baada ya kuzungumza na mtu ambaye hakuogopi.

Kuna vitu havimo kwenye mazungumzo haya. Mshahara wa mtu aliyekufanyia kazi haunyumbuliki. Deni la duka halinyumbuliki bila ya mwenye duka kukubali. Naona vijana wanaotaka kuzifanya ahadi walizowapa wengine ziwe "malengo yangu ninayoyapitia upya", na huo ni udanganyifu. Neno "inshallah" nalo limeonewa: lilikusudiwa kukiri kwamba kesho haimo mkononi mwetu, likageuzwa kuwa njia ya adabu ya kusema sitakuja.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni cha nyuma. Tazama mabadiliko yako matatu ya mwisho. Kama yote matatu yalikwenda upande wa wepesi, umelegea, hata ukiyapa jina zuri. Anayenyumbulika kweli mara nyingine hujiongezea mzigo, kwa mfano kuweka 25,000 Februari kwa sababu mwaka huu kaskazi imekuwa njema na Ramadhani iko karibu.

Na kuna kuacha kabisa. Lamu haihitaji kufundishwa hili. Mwaka 2011 wageni kutoka Ulaya walitekwa Kiwayu na Manda, na vitanda vikabaki vitupu. Mwaka 2014, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, amri ya kutotoka usiku ilidumu miezi, na wavuvi wa usiku wakabaki nchi kavu. Mwaka 2020 ndege zilisimama. Hakuna nidhamu ambayo ingetimiza lengo la wageni miaka ile. Carsten Wrosch na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2003, waliona kwamba watu wanaoweza kuliachia lengo lisilowezekana huwa na hali njema zaidi ya moyo kuliko wanaong'ang'ania, na kwamba uwezo wa kushika jambo jingine lenye maana nao una faida yake. Aliyeachia wageni akashika uvuvi, au ukarabati wa nyumba, au kufundisha watoto wa mtaa, hakuwa sawa na aliyeachia akakaa barazani. Na pia hakuwa sawa na aliyekopa ili kushikilia biashara ambayo haikuwa na mteja.

Kazini, na kwa asiye na nafasi

Kwa kazi ya kuajiriwa nitakuwa mfupi, kwa sababu hapo mengi yako mikononi mwa bosi. Kampuni ya Intel chini ya Andy Grove katika miaka ya 1970 ilianza kuandika kusudi kwanza na matokeo yanayopimika chini yake, kisha kuyapitia mara kwa mara. Mwekezaji John Doerr akaupeleka utaratibu huo Google mwaka 1999, na huko kutimiza asilimia 60 au 70 ya lengo kubwa huhesabiwa kuwa kazi nzuri. Inawezekana kwa sababu alama hizo hutenganishwa na mshahara. Meneja wa hoteli ya Malindi anayetaka kuiga, aige na hilo. Ukimwambia mtu wa mapokezi alenge juu bila woga, kisha ukamkata bonasi alipofika asilimia 70, mwakani atalenga chini na kufika mia. Na kunyumbulika kukiwa kwa upande mmoja tu, bosi akipandisha idadi katikati ya msimu kwa kuwa Waitaliano wamekuja wengi, wafanyakazi watajifunza kuficha siku nzuri.

Linabaki swali la yule dereva wa tuktuk. Ukimwambia apange kwa tunu atakuuliza: hesabu ya leo atalipa nani? Yuko sawa. Kunyumbulika kunahitaji nafasi, na asiye na nafasi hana cha kunyumbua. Kwake lengo la kwanza ni hilo la nafasi: akiba ya hesabu ya siku tatu, isiyoguswa kwa jambo jingine lolote. Akiwa na hesabu ya siku tatu, siku ya mvua anaweza kurudi nyumbani mapema akaacha kuchoma petroli, na siku ya sikukuu hana sababu ya kulala saa nane mchana, kwa kuwa kila anachozidisha kinaijaza ile akiba aliyoila siku ya mvua. Akiba hiyo aijenge Desemba, mji ukiwa umejaa. Akianza Mei hataipata.